Askari wapo, mbona hawapigani?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mama ana saratani ya ngozi, melanoma, na imeshafika kwenye mapafu. Tuliambiwa kipande cha uvimbe kilichokatwa kimejaa chembe za kinga, ila "zimechoka". Tangu siku hiyo shangazi ananunua vidonge vya kuongeza kinga, chupa juu ya chupa. Vitaziamsha? (Binti wa mgonjwa)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Shangazi afunge pochi kwanza.

Hilo neno "zimechoka" linapotosha, na ni sisi watu wa maabara tuliolileta. Aliyechoka hula, hulala, akaamka na nguvu. Chembe hizi, hasa zile ziitwazo seli T, hazina njaa ya vitamini. Zimekaa na adui yuleyule miezi kwa miezi, king'ora hakizimwi, mpaka zikajijaza breki. Breki maarufu ni protini iitwayo PD-1. Kuwa nayo si ubovu. Bila breki kinga ingetafuna viungo vyetu wenyewe. Ubaya ni kwamba saratani imejua pa kukanyagia.

Sisahau kipande changu cha kwanza cha melanoma chini ya hadubini. Vidoto vya buluu iliyokolea, ndizo chembe za kinga, vilijazana pembezoni, vingine vimepenya hadi katikati, ubavu kwa ubavu na seli za saratani, nazo nzima kabisa, hata mkwaruzo hazina. Nilihamaki peke yangu chumbani.

PD-1 ilielezwa mara ya kwanza mwaka 1992 na kundi la mtafiti Tasuku Honjo huko Kyoto, Japani. Mwaka 2018 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na James Allison, aliyeshughulikia breki nyingine, CTLA-4. Dawa kama pembrolizumab na nivolumab, zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2014, ni kingamwili za dripu, yaani protini zilizotengenezwa maabara, zinazoifunika PD-1 ili mguu wa saratani usiifikie. Jimmy Carter, rais wa zamani wa Marekani, alipewa pembrolizumab mwaka 2015, melanoma ikiwa imefika kwenye ini na ubongo; akaishi hadi miaka 100. Lakini alifanyiwa pia upasuaji na mionzi, kwa hiyo msiipe dripu sifa zote.

Tena si kila seli huamka. Zinazoitikia vizuri ni zile ambazo bado zina uchanga ndani yake, zinazoweza kuzaana upya. Zilizofika mwisho wa njia, jeni zao za mapambano zimefungwa kwa ndani. Ukiziondolea breki zinabaki palepale. Ipo pia njia nyingine: kuzitoa seli T kwenye uvimbe, kuziotesha kwa mabilioni maabara, kisha kumrudishia mgonjwa pamoja na intaleukini-2, protini inayochochea seli T kukua. Daktari wa upasuaji wa Marekani, Steven Rosenberg, na wenzake waliripoti matokeo ya njia hiyo mwaka 1988. Marekani iliidhinisha tiba ya namna hiyo kwa melanoma mwaka 2024.

Muulizeni daktari kama mama anafaa kupewa dawa ya kufunika PD-1. Akianza, akiharisha, akikohoa kusiko kwa kawaida au akishindwa kupumua vizuri, pigeni simu siku hiyohiyo, hata kama miezi imeshapita: kinga iliyoachiwa breki huweza kuvamia utumbo na mapafu.

Na chupa za shangazi, zibebeni zote mwende nazo. Daktari asome kilichomo kabla dripu ya kwanza haijatundikwa.