Maswali ya gereji: V8 ya babu, laki tatu na hosipawa mia tano

SWALI: Fundi salaam aleikum. Babu alituachia Mustang ya 1972 hapa Tudor, ni V8 (silinda nane) ya 302, yaani inchi za ujazo, kabureta ya midomo miwili, imekaa chini ya mwarobaini tangu niko shule ya msingi. Bodi iko sawa ila chumvi imekula sakafu kidogo upande wa dereva. Nina laki tatu na nataka hosipawa 500. Fundi mmoja wa Magongo asema tuifunge tabo (ile ya kusukumia hewa zaidi ndani ya injini), mwengine asema tung'oe hiyo V8 tutie 2JZ, ile injini ya Toyota ya silinda sita, tumalizane. Nifuate nani? – Mjukuu wa Tudor

JIBU: Waaleikum salaam mjukuu, na babu Mungu amrehemu, alikuwa na jicho.

Mia tano kwa laki tatu sahau. Sikuvunji moyo, hiyo bloku yenyewe ya 302 wenye uzoefu nayo wote watakwambia ikikaribia 500 yaanza kupasuka katikati, yagawanyika vipande viwili na kranki (shafti kuu izungushwayo na pistoni) yako ndani, kwa hivyo hata ungekuwa na milioni bado bloku ya babu si ya kazi hiyo. Halafu hizo namba za zamani zisikupumbaze. Mwaka 1971 Ford waliiandika hii 302 hosipawa 210, mwaka 1972 ikaandikwa kama 140, na injini ni karibu ile ile. Walipunguza kompresheni, ule mbano wa hewa ndani ya silinda, kidogo ndio, lakini kubwa ni kuwa Marekani walibadilisha namna ya kupima: zamani injini yapimwa uchi, haina feni wala ekzosi ya gari, baadaye ikawa yapimwa na kila kitu chake. Kwa hivyo gari la babu lilitoka kiwandani na 140 za kweli. Ukifika 280 umeshazidisha mara mbili, na gari lenyewe halifiki tani moja na nusu, nakuhakikishia ukikanyaga pale barabara ya Nyali kwenda Bamburi saa kumi na moja alfajiri utajua umekanyaga kitu.

Sasa usiguse starta kwanza! Nasema hivi kwa sababu najua vijana, betri ikipatikana tu mtu ashapiga. Injini iliyokaa miaka ringi zimeshikana na ukuta wa silinda kwa kutu, ukipiga starta zakatika au zakwaruza. Toa plagi zote nane, mimina oili nyepesi kidogo kila tundu, iache ilale hata siku mbili tatu, kisha shika nati ya mbele ya kranki kwa spana ndefu uzungushe kwa mkono polepole. Ikizunguka vizuri ndio upime kompresheni. Silinda zisipishane zaidi ya asilimia 10 hivi, zikiwa sawa basi chini usifungue, beringi na pistoni ziache, hapo umeokoa pesa nyingi kuliko mahali pengine popote.

Pesa yako ipeleke juu. V8 ya midomo miwili ya miaka ile ni sawa na kunywa dafu kwa mrija wa peni, kifua kipo ila hakiingii kitu. Nguvu yote yatoka kwenye hedi (vile vichwa vya juu vyenye valvu), kemshafti (shafti ifunguayo valvu), manifoldi na kabureta ya midomo minne, basi. Hedi za bei nafuu kwa 302 ni zile za chuma za Ford Explorer V8 ya lita 5, za 1996 mpaka 2001, Marekani hizo gari zimeenda skrapu kwa wingi na zaingia kwenye bloku yako moja kwa moja. Kama una shangazi au binamu kule anayetuma kontena mwambie akutilie hedi mbili kwenye kona, kuagiza kwa ndege ni nzito utalia. Angalia tu zile za miaka ya mwisho, plagi zake zimekaa pembe nyengine, ekzosi ya kawaida ya Mustang yazigonga. Faida nyengine ni kuwa zimetengenezwa kwa petroli isiyo na risasi. Kenya risasi iliondolewa kwenye petroli kufikia mwanzo wa 2006, na hedi nyingi za zamani viti vya valvu vilikuwa vikitegemea hiyo risasi, ukikimbiza sana valvu zazama ndani ya hedi kidogo kidogo mpaka kompresheni yapotea na mtu hajui kwa nini.

Ila hapa kwenye kuchanganya vyuma vya miaka tofauti ndipo watu wazikwapo, nisikilize. Kemshafti ya zile 5.0 HO za Mustang za miaka ya 80 mpangilio wake wa silinda kuwaka, ipi yaanza ipi yafuata, si kama wa gari lako. Lako ni 1-5-4-2-6-3-7-8, ile ni 1-3-7-2-6-5-4-8. Ukiifunga na nyaya za plagi ukaziacha kama zilivyokuwa, injini itakohoa irushe moto kwa kabureta, na fundi atakwambia kemshafti ni mbovu. Panga nyaya upya tu. La pili ni flaiwili (lile gurudumu zito la nyuma ya kranki) na puli ya mbele ya kranki: 302 za zamani zilibalansiwa kwa uzito wa aunsi 28, zile za baada ya mwanzo wa miaka ya 80 ni aunsi 50. Zafanana kwa macho, zafunga kwa nati zile zile, na ukichanganya injini yatetemeka mpaka yala beringi. Muulize anayekuuzia, akisema zote ni sawa ondoka dukani.

Na kemshafti mpya ya tapeti bapa (tapeti ni kile kipande kisukumwacho na nundu zake) siku ya kwanza haiachwi sailensa, yaani kuzunguka polepole bila kukanyagwa, hata kidogo. Ikiwaka tu peleka RPM 2,000 ikae hapo dakika 20 mpaka 30, na oili iwe yenye zinki ya kutosha, si hizi oili za gari mpya. Ile oili yarushwa juu ya kemshafti na kranki ikizunguka, sasa ikiwa polepole hairushwi, nundu za kemshafti zasagika siku hiyo hiyo. Kwa hivyo kabla kuwasha hakikisha rejeta ina maji, taimingi (wakati wa plagi kupiga cheche) iko karibu, petroli ipo. Na maji yenyewe, tafadhali, si ya kisima! Visima vyetu huku vingi ni chumvi tupu, rejeta yaoza ndani kabla hujafika Mtwapa. Kulanti, au maji safi yaliyochujwa.

Tabo ya Magongo? Kwa kabureta ile, bila mtu anayejua kupima petroli ikiongezeka presha, utatoboa pistoni. Hapana. 2JZ naielewa kwa nini anaitaja, hizi injini za Japani zashuka hapa Kilindini na spea hazitafutwi mbali. Lakini ile isiyo na tabo ni kama 220 tu, yenye tabo kwa karatasi ni 280 na bei yake si ya laki tatu, na injini si gharama, gharama ni giaboksi, maunti, propela shafti, wayaringi na pampu ya petroli ya presha kubwa, maana kabureta yataka kama psi 6 na injini ya injekta yataka 40 kwenda juu. Ukilazimika kung'oa basi ng'oa V8 utie V8, tafuta 1UZ ya Toyota, lita 4, kama hosipawa 250 ikitoka kiwandani. Mimi ningeiacha ya babu. Sauti ile huipati kwa silinda sita, mnisamehe wa 2JZ, najua mtaniandikia.

Ah, na breki. Ukibaki na chochote kwenye laki tatu, breki kabla ya rimu.

SWALI: Mimi natoka Nairobi nimehamia Kisauni na Escort yangu ya kabureta, kule ilikuwa tamu ila huku yanoki (yagongagonga ndani) nikipanda mlima kidogo na yachemka. Petroli ya huku ni mbaya? – Mgeni wa Kisauni

JIBU: Petroli haina makosa bro. Nairobi iko kama mita 1,700 juu, hewa ya huku ni nzito zaidi, injini yako sasa yavuta hewa nyingi na jeti zile ndogo (vitundu vya kupitishia petroli kwenye kabureta) alizokuwekea fundi wa Nairobi hazitoi petroli ya kutosha. Taimingi nayo pengine ilisogezwa mbele kule. Toa plagi uangalie, zikiwa nyeupe kama chaki ndio hilo. Panda saizi ya jeti kuu hatua moja, rudisha taimingi digrii mbili tatu, jaribu tena, ukipata plagi rangi ya kahawa hafifu umefika. Na ukirudi Nairobi Krismasi beba zile jeti za zamani kwenye dashibodi, usizitupe.