Barua na Majibu: Maneno ya Dhiki Katika Kiingereza cha Mitaani cha Marekani

SWALI: Ninaishi Buruburu. Kifungua mimba wangu yuko mwaka wa pili chuoni, katika jimbo la Ohio nchini Marekani. Juma lililopita aliniandikia kwenye WhatsApp kwamba yeye ni "strapped" hadi mwisho wa mwezi. Kijana wa jirani, anayependa sana muziki wa Marekani, ameniambia kwamba neno hilo humaanisha mtu anayetembea na bastola. Tangu siku hiyo sipati usingizi, na ninaogopa kumuuliza mwanangu asije akadhani ninamchunguza. Je, kijana huyo anasema kweli?
– Mama wa Buruburu

JIBU: Pole sana, Mama. Kijana wa jirani hakukudanganya, ila amekupa maana moja ya neno lenye maana mbili. Iliyotangulia, ambayo Wamarekani wameitumia tangu karne ya 19, ni kuishiwa pesa. Ile ya kubeba silaha mwilini ilivuma baadaye kupitia muziki wa rap, na ndiyo sababu vijana wetu wanaoijua Marekani kwa nyimbo huikimbilia hiyo kwanza. Maana hizi hutenganishwa na maneno yanayoandamana nazo: anayezungumzia pesa huongeza "for cash" au hutaja muda, kama alivyofanya mwanao aliposema hadi mwisho wa mwezi, kwa kuwa anaijua tarehe ambayo pesa zitaingia. Bastola haina mwisho wa mwezi. Kwa hiyo ondoa hofu hiyo.

Hata hivyo, ningekusihi usiishie hapo, kwa sababu maneno ya uhitaji katika Kiingereza hicho hayana uzito mmoja, na mengine huficha shida kubwa. "Broke" ndilo jepesi kuliko yote. Hata mwenye mshahara hulitamka siku mbili kabla ya kulipwa, sawa na vijana wa Nairobi wanaosema "nimesota" huku nauli ya matatu ya kesho wanayo. "Tapped out" ni zito zaidi, kwa kuwa anayelisema amemaliza alichokuwa nacho, na mara nyingi hata wa kumkopesha hana tena. Akisema yuko "in the hole", basi hana kitu na juu yake ana deni.

Neno ambalo ningependa ulikariri ni "couch surfing". Linasikika kama mchezo, na wanafunzi hulitamka wakicheka, lakini isipokuwa mtu yuko matembezini wakati wa likizo, maana yake ni kwamba hana chumba na analala kwenye makochi ya marafiki, leo kwa huyu na kesho kwa yule. Mwanao akilitaja katikati ya muhula, mpigie simu siku hiyo hiyo. Vilevile, ukimuuliza kama umtumie pesa naye akajibu "I'm good", usidhani amekueleza kwamba hali yake ni njema. Amekataa kwa adabu tu, pengine kwa sababu anajua karo ya wadogo zake bado haijalipwa. Na "going through it" si lazima lihusu pesa. Huenda ana majonzi, ugonjwa au upweke.

Muulize basi kwa lugha ya nyumbani, waziwazi: umekula nini leo, unalala wapi, kodi ya mwezi huu umelipa? Mama anayeuliza hivyo hamchunguzi mtoto. Ujue pia kwamba mwanafunzi mgeni mwenye viza ya F-1 haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa wiki chuoni wakati masomo yakiendelea, kwa hiyo upungufu wake hautokani na uvivu. Akiwa amemaliza mwaka mmoja wa masomo, na shida isiyotarajiwa ikampata, kama vile kupoteza ufadhili au shilingi yetu kuporomoka mbele ya dola, anaweza kuomba kibali cha kufanya kazi nje ya chuo. Huko maneno ya mitaani hayafai kitu. Fomu humtaka athibitishe "severe economic hardship", yaani dhiki kali ya kiuchumi, na aanzie katika ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwake. Vyuo vingi vina ghala la chakula cha bure kwa wanafunzi. Akiwa Marekani anaweza kupiga 211 kuulizia msaada wa chakula na makazi, au 988 ikiwa moyo umemlemea.

SWALI: Katika somo la historia nimekutana na neno "Hooverville". Kwa nini mitaa ya mabanda ilipewa jina la rais, na je, neno hilo bado lipo?
– Mwanafunzi, Kahawa Wendani

JIBU: Herbert Hoover aliapishwa Machi 1929, na Oktoba mwaka huo soko la hisa la New York likaanguka. Kufikia 1933, takriban mfanyakazi mmoja kati ya wanne hakuwa na kazi. Waliopoteza nyumba walijenga vibanda vya mbao kuukuu na mabati, hata ndani ya Central Park, na wakamtwika rais lawama kwa kuviita kwa jina lake. Wananchi hawakukomea hapo: gazeti la kujifunika usiku likawa "Hoover blanket", mfuko mtupu uliogeuzwa nje ukawa "Hoover flag", na kadibodi ya kuziba soli iliyotoboka ikawa "Hoover leather". Gari lililokosa petroli, likafungwa farasi wa kulivuta, liliitwa "Hoover wagon".

Majirani zetu wa Tanzania walifanya jambo la aina hiyo hiyo walipouita ukosefu wa pesa "ukapa", kutokana na jina la Rais Benjamin Mkapa, aliyeongoza kuanzia 1995 hadi 2005.

Hoover alishindwa na Franklin Roosevelt katika uchaguzi wa 1932, na mengi ya maneno hayo yalififia hali ilipokuwa nafuu. "Hooverville" limedumu, kwa kuwa mtaa wa Seattle wenye jina hilo ulisimama hadi 1941, na hadi leo waandishi wa Marekani hulirejelea mahema ya wasio na makazi yanapoongezeka mijini.