Pleya ya santuri ya mtumba: anza na kibati cha nyuma

Ukiletewa pleya ya santuri ya mtumba, igeuze kwanza usome kibati cha namba kilichobandikwa nyuma au chini yake. Wengi hukimbilia sindano. Mimi nilikimbilia mbao yake inayong'aa, nikajuta.

Niliinunua Tunduma, ikapanda kosta hadi Mbeya imeviringishwa blanketi. Muuzaji alinipa na transfoma ya kushusha umeme, maana mashine ilikuwa ya volti 120. Nikamwona mtu mwema kabisa. Jioni hiyo nikamkaribisha jirani yangu, mzee mstaafu wa TAZARA, mwenye santuri za 45 alizozitunza kwenye sanduku la bati tangu ujana. Akachagua ya Mbaraka Mwinshehe. Haikupita nusu dakika akanitazama: "Mwanangu, huyu Mbaraka kaamshwa usingizini?"

Wimbo ulikuwa unaburuta kweli. Nikabadilisha mpira unaozungushwa na mota mara mbili, nikatia mafuta ekseli, wapi! Wiki ya tatu ndipo nikasoma kibati: 120V, 60Hz. Transfoma hushusha volti, ila hezi, yaani mara ambazo umeme hugeuka kwa sekunde, haizigusi. Umeme wetu ni wa hezi 50, na mota nyingi za mashine za zamani zinazozungushwa kwa mpira hufuata hezi za umeme unaoingia. Kwa hiyo sahani inayobeba santuri, iliyotakiwa kuzunguka mara 45 kwa dakika ilikuwa inazunguka mara 37 na nusu. Hakuna mpira wa kutibu hilo. Baadhi ya mashine hukubali ukizibadilishia puli ya mota, lakini kuipata puli yenyewe ni safari nyingine.

Tafuta basi iliyoandikwa 220 hadi 240V na 50Hz. Zilizotengenezwa kwa ajili ya Uingereza na Ulaya kwa kawaida ziko hivyo. Zile ambazo sahani inakaa moja kwa moja juu ya mota, na mota inaongozwa na sakiti yake, kama Technics SL-1200MK2 ya mwaka 1979, hazijali hezi. Kwa hizo wewe angalia volti tu. Na kama hujui mwendo wa mashine uliyonayo, bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani, shika saa, hesabu. Kwenye 33 na theluthi inatakiwa ipige mizunguko 100 kwa dakika tatu. Hesabu hiyo haihitaji fundi.

Sasa tuje kwenye sauti. Vijana wengi wanaoniletea mashine wakisema "imekufa" wameichomeka kwenye sabufa. Inalia mbali kama redio ya jirani, besi hakuna, na kila herufi s inachoma sikio. Mashine haijafa. Katriji, yaani kile kidude kinachoshika sindano, ikiwa ya kawaida, ile ya sumaku inayotembea, hutoa milivolti tatu hadi tano hivi. Simu au deki ya CD huingiza mamia ya milivolti kwenye tundu lilelile. Tofauti ni kama mia kwa moja, na ndiyo maana ukifungua sauti hadi mwisho unachopata ni mchakacho tu.

Halafu kuna jambo la pili ambalo kuongeza sauti hakulitatui. Santuri inapokatwa kiwandani, besi hupunguzwa makusudi, la sivyo mfereji inamopita sindano ungeyumba mpaka uvamie wa jirani yake, na dakika za wimbo zingepungua. Sauti za juu nazo huongezwa, ili wakati wa kupiga zikishushwa, mchakacho wa plastiki ushuke nazo. Kipimo cha kupunguza na kuongeza kilikubaliwa Marekani mwaka 1954, kikaenea duniani. Lazima basi kuwe na kitu cha kurudisha kila sauti mahali pake, na kitu hicho ni priampu ya fono. Amplifaya nyingi za zamani zinayo ndani: tazama nyuma kama kuna tundu limeandikwa PHONO. Kama halipo, nunua kijisanduku cha pembeni, kikae kati ya pleya na AUX ya sabufa yako. Pleya za kisasa nyingine zina priampu ndani na swichi ya PHONO na LINE. Usipitishe kwenye priampu mbili. Itanguruma na kukwaruza mpaka uichukie.

Kwenye waya ndiko watu hutapeliwa. Waya wa dhahabu sijui wa fedha, achana nao. Unachotaka ni waya wa RCA, ule wa vichwa viwili vya kuchomeka sauti, wenye ngao nzuri ya nyuzi kuuzunguka, usiozidi mita moja au moja na nusu. Ukiwa mrefu, kapasitansi yake (uwezo wa waya kushikilia chaji) inaongezeka, katriji inabadilika tabia kwenye sauti za juu, na zile milivolti chache zinaokota kila uchafu wa umeme uliopo chumbani. Kama spika ziko mbali, refusha waya unaotoka kwenye amplifaya. Ule wa pleya uache mfupi, na usiulaze sambamba na waya wa umeme au juu ya transfoma.

Pembeni ya RCA utakuta waya mwembamba wenye kiuma kama uma mdogo. Huo ni wa ethi. Unafungwa kwenye skrubu iliyoandikwa GND kwenye priampu au amplifaya. Nimewahi kufungua amplifaya nzima, kapasita zote nikazipima, nikitafuta muungurumo, kumbe waya huo mwenye mashine ameukata akidhani ni mabaki. Tangu siku hiyo naugusa huo kabla sijashika bisibisi. Spika ya upande mmoja ikinyamaza, chomoa kichwa cha mkono unaobeba sindano, sugua pini zake taratibu kwa ufutio wa penseli. Mara nyingi ni kutu. Nyaya ndogo za katriji zikitoka: nyekundu na kijani ni za kulia, nyeupe na buluu za kushoto.

Uzito wa sindano usikisie, na sarafu juu ya kichwa usiweke. Zungusha uzani wa nyuma mpaka mkono uelee wenyewe sambamba na sahani, peleka gurudumu la namba kwenye sifuri bila kuusogeza uzani, kisha zungusha vyote hadi gramu anazotaka mtengenezaji wa katriji. Ortofon 2M Red kwa mfano ni 1.8. Wengi hudhani nyepesi ndiyo salama kwa santuri, ila sindano nyepesi mno hurukaruka ndani ya mfereji na kuuchubua.

Namba za mashine iliyozeeka nazo si za kuamini. Sisi huku tuna bahati, Chunya iko karibu: sonara na wanunuzi wa dhahabu wana mizani ya dijitali inayosoma sehemu ya mia ya gramu. Nilikwenda kwa mmoja kuazima, akacheka sana kusikia napima sindano. Kwanza ikasoma gramu tatu na zaidi. Kumbe chini ya bamba la mizani kulikuwa na chuma na sumaku ya katriji ilikuwa inavutana nacho. Nikaweka kizibo cha plastiki juu, nikarudisha sifuri, nikashusha sindano juu ya kizibo. Ikasoma 1.92.

Kama unaishi kandokando ya barabara kuu, malori ya kwenda Tunduma yatakutikisia mezani. Rafu iliyopigwa ukutani inatulia zaidi. Umeme ukikatika inua mkono kwanza ndipo utafute tochi. Na vumbi letu la Septemba halina huruma, funika.

Kujaribu, tumia santuri mbovu. Sindano ya mtumba hujui imekula saa ngapi, na iliyochakaa hukata mfereji. Mzee wangu wa TAZARA bado huja jioni, ila sanduku analiacha kwake. Huniuliza kwanza sindano nimeibadilisha lini, nikimtajia ndipo anapotoa santuri moja ndani ya koti.