Usiulize "dawa zako" kwa mkupuo: kwa mnaoanza kupima mitazamo ya wagonjwa wa sistiki fibrosisi

Wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi hii, nawaandikia nikiwa Uingereza, ambako nimezunguka miaka kadhaa na dodoso mkononi katika kliniki za watu wazima wenye sistiki fibrosisi. Ugonjwa huu ni wa kurithi. Jeni ya CFTR, iliyogunduliwa mwaka 1989, ikiwa na hitilafu, makohozi huwa mazito na kuganda mapafuni, na mirija ya kongosho huziba. Mgonjwa mmoja anaweza kuwa na vimeng'enya vya kumeza kila anapokula, antibiotiki ya kuvuta, dawa ya kulainisha makohozi, maji ya chumvi ya nebulaiza (mashine inayogeuza dawa kuwa ukungu wa kuvuta), vitamini, na siku hizi vidonge vinavyorekebisha kazi ya CFTR yenyewe.

Wingi huo ndio ulioniponza. Dodoso tunalolitegemea, liitwalo kwa Kiingereza Beliefs about Medicines Questionnaire, yaani dodoso la imani kuhusu dawa, lilichapishwa mwaka 1999 na Robert Horne na wenzake. Sehemu yake mahususi, inayohusu dawa anazotumia mtu mwenyewe, ina kauli 10: 5 za kupima mtu anaona anaihitaji dawa kiasi gani, na 5 za wasiwasi wake. Mimi nilikuwa nauliza "dawa zako" zote kwa mkupuo, mpaka kijana mmoja akaniuliza, "Zipi?" Vimeng'enya akiviruka, tumbo linamsokota siku hiyo hiyo. Dawa ya kulainisha makohozi anaweza kuiacha wiki nzima asione tofauti yoyote. Alama moja ingemwonyesha kama mtu wa katikati, naye hakuwa katikati hata kidogo. Tangu hapo nauliza dawa moja moja, lakini mbili au tatu tu tulizokubaliana na timu, maana kauli 10 kwa kila dawa zinamchosha mtu ambaye tayari amechoka.

Jihadharini pia na kupunguza alama za wasiwasi kutoka kwenye alama za uhitaji ili mbaki na namba moja tu. Kila kauli hupewa alama 1 (anaikataa kabisa) hadi 5 (anaikubali kabisa), hivyo kila upande unaanzia 5 hadi 25. Mwenye 23 kwa 23 anapata sifuri, na mwenye 8 kwa 8 anapata sifuri vilevile. Wa kwanza anavutwa huku na huku usiku kucha. Wa pili dawa haimshughulishi. Ukiwapa maneno yale yale umewakosa wote wawili. Andikeni pande zote mbili, daima.

Wagonjwa hawa hawakalishwi pamoja, kwa kuwa wanaweza kuambukizana bakteria kama Pseudomonas aeruginosa. Utamfuata kila mmoja chumbani mwake, na utapangusa kalamu na ubao wa kuandikia kwa dawa ya kuua vijidudu kabla ya kwenda kwa mwingine. Ukishampa karatasi, toka. Nimeona majibu ya uhitaji yakipanda daktari anapobaki chumbani. Na kama nebulaiza yake inarekodi tarehe na saa za matumizi, mweleze kabla hajatia saini ya ridhaa. Asije akagundua baadaye kuwa alikuwa akichunguzwa.

Kwa mtakaotafsiri dodoso kama hili kwa wagonjwa wa presha au VVU nyumbani: neno "imani" litawapeleka watu kwenye dini au ushirikina. Ulizeni "unavyoiona dawa hii", kisha mwombeni mtu aieleze kauli kwa maneno yake kabla hamjaichapisha.

Na someni kauli moja moja, pamoja na pembezoni mwa karatasi. Mama mmoja alikuwa na wasiwasi wa 13 kati ya 25, na nikamhesabu miongoni mwa wasio na shida. Baadaye nikarudi kwenye karatasi yake. Kauli nne alizikataa, ila ile ya kwamba dawa inavuruga maisha yake aliikubali kabisa, na kando yake akaandika kwamba haiogopi dawa, bali inamlia asubuhi yote kabla ya kwenda kazini. Nilimpelekea muuguzi wake karatasi ile siku hiyo hiyo, wakakaa na mama kupanga upya saa za nebulaiza.