Maswali ya wasomaji: Nakivale ni kambi au ni makazi?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, ukurasa wa mbele wa gazeti huandika "kambi ya wakimbizi ya Nakivale", ukurasa wa siasa hutaja "kambi ya upinzani", na ule wa michezo husema timu yetu ya taifa ya soka, Cranes, wameingia kambini. Mimi hununua mahindi Nakivale na ninachokiona huko ni vijiji, maduka na mashamba. Je, neno hili linafaa kote huko? Msomaji, Mbarara.

JIBU: Ndugu msomaji, kwenye michezo na siasa neno hilo halina ubaya. Timu huingia kambini, hucheza, kisha huvunja kambi, na hakuna anayedhani kwamba kambi ya upinzani imelala mahemani. Shida iko kwa wakimbizi, kwa sababu huko neno humweleza msomaji jinsi watu wanavyoishi, na mara nyingi humweleza sivyo.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inazungumzia makazi, nayo inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na ya kwenda atakako nchini, ingawa kwa masharti. Makazi ya Bidi Bidi wilayani Yumbe yalipofunguliwa mwaka 2016 kwa waliokimbia vita vya Sudan Kusini, familia zilikatiwa viwanja vya takriban mita 30 kwa 30, zikajenga nyumba na kupanda mboga ubavuni mwake. Nakivale ina zaidi ya miaka 60, na wapo waliozaliwa humo ambao sasa wanalea wajukuu humo humo. Kusema makazi si kusema kwamba maisha ni mepesi, maana ardhi ya kugawa inapungua kadiri watu wanavyoongezeka, lakini ni kusema kweli kuhusu mahali penyewe.

Wala tofauti hii si ngeni katika Kiswahili. Tanzania, maeneo ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, walikopewa ardhi ya kulima Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, huitwa makazi, ilhali Nyarugusu huitwa kambi.

Kwetu Uganda ipo sababu nzito zaidi. Wakati wa vita vya waasi wa LRA, hasa kuanzia mwaka 1996, jeshi liliwaamuru watu wa Acholi, kaskazini mwa nchi, waache vijiji vyao na kuhamia kambini, na kufikia mwaka 2005 waliohamishwa huko kaskazini walikaribia milioni 1.8. Huko Pabbo, mojawapo ya kambi hizo, vibanda vilibanana kiasi kwamba moto ukishika paa moja uliruka hadi la pili, na aliyetoka kwenda shambani nje ya saa zilizoruhusiwa alijihatarisha. Ile ilikuwa kambi hasa, na waliokuwamo walikuwa raia ndani ya nchi yao. Mwandishi anayeiita Nakivale kwa jina lile lile anafuta jambo ambalo watu wa Gulu na Kitgum, huko huko Acholi, hawajalisahau.

Hoja ya kwamba kichwa cha habari kinataka neno fupi haina nguvu, kwani "makazi" imeizidi "kambi" kwa herufi moja tu. Nyakabande, kule Kisoro, ambako Wakongo hupokelewa kwa muda kabla ya kupelekwa kwingine, paitwe kituo. Na mkazi wa Nakivale akinukuliwa akisema "huku kambini", neno lake liachwe kama alivyolisema.