Mguu wa kuku kiunoni: jibu kwa mtoto wa kaka

Baba, ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa ndani ya gari kwenye maegesho ya kazini nasubiri zamu ya usiku ianze. Umeuliza mambo mawili kwa pumzi moja: kama ni kweli shangazi yako anatembea na mguu wa kuku, yaani bastola, hapa Houston, na wewe ukija na hiyo grini kadi yako ya bahati nasibu uanze na bastola ipi, "ile ndogo kabisa isiyoonekana". Nyuma yako nikamsikia bibi yako anasema, "Muulize anaogopa nini huko." Nitawajibu wote wawili, ila wewe utangulie kwa sababu swali lako ni jepesi.

Ni kweli, nabeba. Wala sihitaji kuwa mke wa kigogo au mfanyabiashara wa madini. Huko kwetu mtu akitaka bastola anaanza kuzungushwa kwenye kamati za ulinzi na usalama mpaka anachoka. Hapa Texas, tangu tarehe 1 Septemba 2021, mtu wa miaka 21 na zaidi ambaye sheria haimkatazi anaweza kuivaa bila leseni yoyote. Mimi leseni nilikuwa nayo kabla ya hapo na sijaiacha. Darasa lake ni la saa nne hadi sita, ada ya serikali ni dola 40, na mtihani wa shabaha ni risasi 50 kutoka yadi 3, 7 na 15, ukipata asilimia 70 umefaulu. Yadi 3 ni kama kutoka kwenye kochi letu hadi kwenye televisheni. Nilishangaa kuona watu wanakosa.

Kabla hujanitajia jina la bastola yoyote, sikiliza makaratasi kwanza. Miaka yangu yote ya viza ya mwanafunzi sikugusa silaha, na si kwa uoga. Sheria ya nchi nzima inamkataza mwenye viza ya muda kumiliki au kushika silaha, isipokuwa wachache, kama mwenye leseni ya uwindaji. Hata zile picha vijana wetu wanazopiga wamejitutumua na bunduki ya rafiki, wengine wanajichongea wenyewe. Wewe ukija na grini kadi unaruhusiwa, ukishapata kitambulisho cha jimbo chenye anwani yako. Dukani utajaza fomu inaitwa 4473, wataingiza jina lako kwenye mfumo wa ukaguzi, na mara nyingi jibu linatoka hapo hapo. Ukidanganya kwenye ile fomu ni jinai. Na atakuja mtu, nakuambia atakuja, Mswahili mwenzetu asiye na makaratasi, atakuomba umnunulie kwa jina lako na atakuongezea mia mbili. Mwambie shangazi amekataza. Hilo nalo ni jinai, na mtu mwenye grini kadi akitiwa hatiani kwa kosa la silaha anaweza kurudishwa kwao hata kama ana nyumba, mke na watoto hapa.

Haya, sasa ndogo kabisa. Na mimi nilianzia hapo hapo, kama unavyowaza wewe. Niliingia dukani nikaona kibastola cha kaliba (kipenyo cha risasi) ya .380, kinaenea kiganjani kama simu ya vitufe, uzito hata gramu 300 hakifiki. Nikasema hiki hiki. Yule muuzaji alinitazama mikono, akanitazama usoni, akafunga biashara. Wiki iliyofuata nikaenda nacho kwenye shabaha. Risasi ya kwanza kilinirusha teke nikadhani kimepasuka. Kishikio kifupi, kidole cha mwisho kinaning'inia hewani. Magazini mbili tu, vile vibebeo vya risasi vya kuchomeka kwenye kishikio, ngozi kati ya dole gumba na cha shahada imechubuka. Na kukikoki sasa, yaani kuvuta ile sehemu ya juu kwa nyuma ili risasi iingie! Springi ngumu, sehemu ya kushika haizidi vidole viwili. Mimi nageuza wagonjwa wa kilo mia kitandani, ila kile kidudu kilinishinda.

Hakuna aliyekuwa amenieleza kwamba bastola ikipungua uzito teke linaongezeka, kwa sababu hakuna chuma cha kulimeza. Ikipungua urefu, vilengeo vinakaribiana na kosa dogo la mkono linakuwa kubwa kule mbele. Vibastola vidogo kabisa vinamfaa mtu aliyekwisha kuzoea, na ndivyo wanavyouziwa wageni, hasa wanawake, eti kwa sababu ni vidogo kama sisi.

Kwa hiyo nikakiuza kwa hasara nikaanza upya, safari hii nikikodi kwanza. Viwanja vingi vya shabaha hapa vinakodisha, unalipa kidogo unajaribu tatu nne kabla hujatoa dola 400 au 500 zako. Nilijaribu rivova, bastola ya silinda inayozunguka, ile ya Smith & Wesson 642, risasi tano tu, haina kukoki, haina kukwama kwa magazini, unavuta tu. Wazee wanaipenda sana. Lakini kifyatuo chake ni kizito makusudi, na mimi kila nikivuta mtutu unainama, shimo linatokea chini ya karatasi kama nalenga viatu vya mtu. Nikajaribu SIG P365, ambayo ilipotoka mwaka 2018 ilibadilisha soko, maana kabla yake bastola nyembamba za milimita 9 kama Glock 43 zilikuwa zinabeba risasi sita kwenye magazini, hii ikaja na kumi kwenye umbo lile lile la mfukoni. Uzito wake ni nusu kilo ya sukari bila risasi. Nilipiga vizuri. Wewe na mikono yako ya kubeba viroba huko Ngamiani, ukiniuliza leo, nitakupeleka ukajaribu hiyo na Glock 43X kabla ya zote.

Mimi niliishia kwenye Smith & Wesson Shield EZ ya .380. Ni kubwa kuliko nilivyotaka. Lakini naikoki bila kukunja uso, ina sefti ya nyuma ya kishikio ambayo isipobanwa na kiganja haipigi, na magazini yake ya risasi nane naijaza bila kuvunja kucha. Wanaume kwenye magrupu watakuambia .380 ni dhaifu. Kipenyo chake na cha milimita 9 ni kile kile, ganda ndilo fupi, milimita 17 badala ya 19, kwa hiyo baruti ni kidogo na nguvu ni ndogo. Ni kweli. Lakini mimi naiweka risasi ninapotaka iende, na hao wanaonicheka nimewaona wakipiga.

Bastola ni nusu ya shughuli. Nusu nyingine ni ala, na huku ndiko nilikokosea vibaya kuliko kote, hili hata baba yako sijawahi kumwambia.

Mwanzoni niliiweka kwenye pochi. Sare zetu za kazi hazina mkanda, dera halina mkanda, sasa ningeiweka wapi? Siku moja tulikuwa na arobaini ya mtoto kwa mmoja wetu huku, watu wengi, pilau, kelele. Unajua wanawake tukiingia kwenye shughuli mapochi yanakwenda wapi: kitandani kwa mwenye nyumba, yote, rundo. Mimi nikatupa langu, nikaingia jikoni kumenya viazi. Baada ya kama nusu saa nikasikia watoto wanacheka chumbani, wanaruka kitandani. Niliacha kisu hewani. Sikumbuki nilipitaje ule ukumbi. Nilimkuta mtoto wa miaka mitatu amekalia rundo lile, anatoa vitu kwenye pochi la mtu mwingine, lipstiki, funguo, anavipanga. Langu lilikuwa chini yake. Nilijifanya nimekuja kuchukua simu. Mwaka 2014 huko Idaho mtoto wa miaka miwili aliingiza mkono kwenye mkoba wa mama yake ndani ya duka, akampiga risasi mama yake akafa. Nilikuwa naijua hiyo habari. Nilikuwa nimeisoma kabisa, na bado niliitupa pochi kitandani.

Tangu siku hiyo, ikiwa nami inakuwa mwilini. Natumia mkanda mpana wa kitambaa wa tumboni, mama ataujua, umefanana na ule wa kumfunga mzazi akitoka kujifungua, ila huu umeshonewa ala ya plastiki ngumu inayofunika kifyatuo chote. Hicho ndicho cha kuangalia kwenye ala yoyote: kifyatuo kimefunikwa, na ala yenyewe haitoki pamoja na bastola ukiivuta. Usinunue ala ya kitambaa laini ya dola kumi. Na wewe mwenye suruali nunua mkanda mgumu wa maana, la sivyo utashinda unapandisha suruali na kila mtu atajua umebeba nini.

Sasa nikueleze kichekesho chake. Nilinunua silaha kwa sababu mwenzangu wa zamu aliporwa gari saa tano usiku, ufunguo ukiwa mkononi, kwenye maegesho kama haya niliyokaa. Kazini kwetu silaha ni marufuku kwa wafanyakazi. Mlangoni kuna lile bango la herufi kubwa, Kiingereza na Kihispania, linaloitwa 30.06, na ukipita nayo umevunja sheria. Kwa hiyo navua bastola ndani ya gari, naifungia kwenye kisanduku cha chuma kilichofungwa kwa waya kwenye mguu wa kiti, halafu natembea yale maegesho mikono mitupu. Saa moja asubuhi natembea tena mikono mitupu kuifuata. Pale pale mwenzangu alipoporwa, mimi sina kitu. Baa zenye bango jekundu la 51%, yaani zinazopata zaidi ya nusu ya mapato yake kwa pombe, hairuhusiwi, shuleni hairuhusiwi, uwanja wa ndege usijaribu: mwaka 2023 wakaguzi wa viwanja vya ndege vya Marekani walikamata silaha zaidi ya 6,700 kwenye mabegi ya abiria, nyingi zikiwa na risasi, na wengi walisema walisahau. Nikienda kwenye harusi New Jersey leseni yangu ya Texas ni karatasi tu. Nikijumlisha, naivaa kwenda sokoni, kituo cha mafuta, na kurudi nyumbani usiku.

Na ukisimamishwa na polisi? Hili nakuambia kwa sababu sisi ni weusi na lafudhi yetu inaonekana hata tukinyamaza. Tarehe 6 Julai 2016, karibu na St. Paul, Minnesota, Philando Castile alisimamishwa barabarani. Alikuwa na kibali halali, akamwambia askari kwa adabu kwamba ana silaha. Alipigwa risasi pale pale kwenye kiti, mchumba wake pembeni na mtoto nyuma, akafa. Mwaka uliofuata baraza la mahakama lilimwona askari hana hatia. Mimi nikiona taa za bluu nyuma yangu nawasha taa ya ndani, mikono juu ya usukani, sifungui dashibodi, sichukui pochi, nangoja. Nikiulizwa kitambulisho, sheria ya hapa inanitaka nionyeshe na leseni ya kubeba, na kabla sijasogeza mkono nasema ninakoupeleka. Kila mara nawaza ingekuwa rahisi zaidi kama nisingekuwa na kitu kiunoni.

Mama, unauliza naogopa nini. Nimejaribu kufikiri jibu la heshima sikulipata. Sijawahi kuitoa. Miaka sita sasa, hata mara moja. Hofu ninayoijua zaidi ni ile ya takwimu: mwaka 2021 watu zaidi ya 48,000 walikufa kwa silaha nchi hii, na zaidi ya nusu walijiua wenyewe. Nimewahi kufanya zamu za usiku mfululizo majira ya baridi, nyumba kimya, hakuna wa kumpigia kwa sababu kwenu ni saa za kazi. Miezi ile ufunguo wa sefu nilimpa jirani yangu wa Kikongo anishikie, nikamwambia nimeshapoteza funguo mara mbili. Hakuuliza. Nadhani alielewa.

Basi baba, ukija usinunue kitu miezi sita ya kwanza. Jifunze barabara kwanza, jua mtaa gani unaishi, lipa bili, bebea watu maboksi yao kama sisi wote tulivyoanza. Ukibaki na hamu, nitakupeleka kwenye shabaha Jumamosi, nitalipa mimi, ukodi tatu tofauti, boksi la risasi 50 kwa kila moja. Ukimaliza utaniambia mwenyewe kama bado unataka ile ndogo kabisa.

Mama, ile siku nilipokuja mwaka jana, tulikuwa tunatoka dukani jioni, bodaboda ikaja kwa nyuma bila taa na mkono wangu ukaenda wenyewe chini ya khanga, kiunoni. Uliniuliza kama tumbo linauma. Nikakwambia ndiyo, ukanichemshia tangawizi.