Fundi Anajibu: Lethi na Mashine ya Milingi Katika Karakana ya Nyumbani

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa wasomaji wanaomiliki, au wanaokaribia kumiliki, mashine ya kukerezea vyuma nyumbani, ile ambayo mafundi wengi huiita lethi. Tumechagua tano. Waliouliza bei watuwie radhi, kwa kuwa bei hubadilika kabla wino wa gazeti haujakauka.

*Shikamoo Fundi. Nimeonyeshwa lethi ya Kiingereza ya zamani iliyokuwa katika karakana ya shamba la mkonge. Muuzaji anadai ni nzima kabisa. Mota yake ni ya fezi tatu, nami nyumbani nina fezi moja tu. Nitajuaje kama ni nzima kweli, na je, mota niibadilishe? — Msomaji, Chumbageni, Tanga*

Marahaba. Mashine za mashamba ya mkonge zilikuwa nzito na imara, lakini nyingi zilifanya kazi ya aina moja kwa miaka mingi, nayo ni kukereza shafti fupi na busha za korona, ile mashine ya kuchakata majani ya mkonge. Kwa hiyo reli za kitanda huliwa zaidi karibu na chaki, yaani kile kishikio cha mbele chenye taya, huku sehemu ya nyuma ikibaki kama ilivyotoka kiwandani. Ukitaka kulijua hilo bila kipimo chochote, lisogeze gari linalobeba kisu hadi karibu na chaki, kaza kabari zake mpaka liende kwa uzito kidogo, kisha lizungushe kurudi nyuma. Likikwama katikati ya safari, ujue reli zimeliwa. Kukwama kidogo kunavumilika, lakini likigoma kabisa, punguza bei au ondoka.

Baada ya hapo pima spindeli, yaani mhimili unaoizungusha chaki. Weka ncha ya geji ya saa juu ya chaki, ingiza kipande cha mbao chini yake, uinue kwa nguvu ya mkono mmoja. Mshale ukisogea sehemu mbili za mia za milimita, sioni sababu ya kulalamika. Ukipita sehemu tano, beringi zinahitaji kukazwa au kubadilishwa, na kabla hujalipa uulize kama beringi za aina hiyo bado zinapatikana. Mimi mwenyewe niliwahi kununua mashine kwa kuvutiwa na rangi yake mpya, na chini ya rangi ile nilikuta gia tatu zisizo na meno kamili. Siku hizi kifuniko cha gia ndicho ninachofungua kwanza, hata kabla ya salamu kwisha.

Ukishaifikisha nyumbani, usihukumu usahihi wake kabla ya kuisimamisha vizuri juu ya zege. Kitanda cha chuma cha kumimina, hata kikiwa kinene kama mkono wako, hujipinda kwa uzito wake wenyewe iwapo mguu mmoja haukugusa chini sawasawa. Shika chuma cha kipenyo cha milimita 40 kwenye chaki, kitokeze milimita 150 bila kukisaidia kwa nyuma, ukereze ncha zake mbili kwa mkato mwepesi bila kugusa mpangilio wa kisu, halafu upime zote mbili kwa maikromita. Tofauti ikizidi sehemu mbili za mia, weka shimu, yaani kipande chembamba cha bati, chini ya mguu mmoja wa upande wa nyuma, kereza tena, upime tena. Kazi hii inaweza kula siku nzima, nayo ni siku iliyotumika vizuri.

Sasa kuhusu mota. Soma kibati chake kabla ya kununua chochote. Ikiwa kimeandikwa 220/380 au 230/400, mota hiyo inaweza kufungwa kwa mpangilio wa pembetatu na kuendeshwa na inveta inayopokea fezi moja ya volti 230 na kutoa fezi tatu za volti hizo hizo. Ikiwa kimeandikwa 380/660 au 400/690, inveta ya kawaida ya fezi moja haitaifikisha kwenye nguvu yake. Inveta iwe na uwezo unaolingana na wa mota au kuuzidi, na waya wake uende moja kwa moja hadi kwenye mota bila swichi yoyote katikati, kwa sababu kuukata mzigo ghafla wakati inveta inafanya kazi kunaweza kuiua. Swichi za kuwasha na kuzima huunganishwa kwenye vituo vya amri vya inveta yenyewe, na kazi hiyo umpe fundi umeme anayeijua. Kubadilisha mota na kuweka ya fezi moja kunawezekana pia, ila mota hizo hutetemeka, na mtetemo wake huonekana kama mistari kwenye kazi iliyokerezwa. Kwa pesa zangu ningenunua inveta.

*Fundi, kila nikikata kipande cha chuma kwa kisu cha kukatia, mashine inalia kama mbuzi na mara mbili kisu kimevunjika. Chuma ni laini, kipenyo milimita 25. Mashine yangu ni ndogo, ya Kichina. Halafu kila baada ya wiki reli zinaota kutu. — Msomaji, Likoni, Mombasa*

Kilio hicho ni cha ulegevu, na katika mashine ndogo ulegevu hujificha mahali pengi. Anza na kimo cha kisu. Chukua rula nyembamba ya chuma, ibane kwa upole kati ya ncha ya kisu na chuma ulichoshika, mashine ikiwa imezimwa. Rula ikisimama wima, kisu kiko katikati. Sehemu yake ya juu ikilala kuelekea kwako, kisu kiko chini mno, nacho kitajaribu kuingia chini ya kazi na kuvunjika, jambo ambalo nadhani ndilo linalokupata. Ikilala upande wa pili, kisu kiko juu, kitasugua bila kukata.

Kisha kata karibu na taya za chaki kadiri uwezavyo, kisu kisitokeze zaidi ya kina unachohitaji, na gari ulifunge lisisogee. Kasi nayo ina hesabu yake. Kwa chuma laini na kisu cha haispidi, yaani chuma kigumu cha visu, gawanya 8,000 kwa kipenyo cha milimita, nawe utapata mizunguko kwa dakika ya kukereza kawaida, ambayo kwa milimita 25 ni 320. Kwa kukata kipande chukua nusu yake, yaani 160, tia oili bila ubahili, usukume kisu kwa mwendo usiokatika. Wengi hukisukuma kwa woga, kisu kinasugua badala ya kukata, na kilio kinaanza upya.

Kutu ya Likoni inaletwa na upepo wa bahari. Pangusa reli kwa oili kila ukimaliza kazi, ufunike mashine kwa shuka la pamba. Usiifunike kwa nailoni, maana nailoni huzuia unyevu usitoke.

*Assalaam aleikum. Mimi ni Mzanzibari ninayeishi Leicester. Nimenunua lethi ya Myford ML7 kwa ajili ya kutengeneza vipuri vya baiskeli na cherehani. Bolti zangu zote ni za milimita, na skrubu kuu ya mashine, ile inayolivuta gari wakati wa kukata thredi, ni ya inchi. Nimejaribu kukata thredi ya M10 (ya bolti ya kipenyo cha milimita 10) nikaona kisu kinapita mahali pengine kila mara. Kosa liko wapi? — Msomaji, Leicester, Uingereza*

Waaleikum salaam. Umepata mashine ambayo watu wengi huko wanaitafuta. Kiwanda chake kilikuwa Beeston, jirani kabisa na Nottingham, na ML7 ilianza kuuzwa muda mfupi baada ya Vita Kuu ya Pili, kwa makusudi ya kuwa mashine ya karakana ndogo. Skrubu kuu yake ina thredi 8 katika kila inchi, ambazo ni sawa na hatua, yaani umbali wa thredi hadi thredi, ya milimita 3.175. Kumbuka tarakimu hiyo.

Inchi moja ni milimita 25.4 kamili, na namba ndogo kabisa ya meno inayoweza kuibeba tarakimu hiyo bila kosa ni 127, ambayo haigawanyiki kwa namba nyingine yoyote isipokuwa moja na yenyewe. Kwa hiyo gia ya meno 127 ikikaa kwenye skrubu kuu ya thredi 8, hesabu inakuwa nyepesi mno: zidisha hatua ya thredi unayoitaka kwa 40, upate meno ya gia inayoendesha, iliyo upande wa spindeli. M10 ya kawaida ina hatua ya milimita 1.5, nawe utaweka gia ya meno 60. M12 ina 1.75, utaweka 70. M8 ina 1.25, utaweka 50. Gia ya katikati inayounganisha hizo mbili inaweza kuwa na meno yoyote, kwani haibadilishi uwiano.

Gia ya 127 ni kubwa na huenda isienee chini ya kifuniko. Ikitokea hivyo, tafuta gia ya meno 63. Gia ya 63 iendeshe ya 80, na kwenye mhimili uleule wa 80 kuwe na ya 30 inayoendesha ya 50 iliyo kwenye skrubu kuu. Uwiano huo unakupa milimita 1.5002 badala ya 1.5, kosa la sehemu moja katika 8,000, ambalo nati ya kawaida haitalijua kamwe.

Hata hivyo, sidhani kwamba gia ndizo zilizokuharibia thredi. Nadhani uliifungua ile nati iliyopasuliwa inayoshika skrubu kuu, ukalirudisha gari kwa mkono, kisha ukaifunga tena kwa kufuata saa ya thredi, kile kipimo kinachoonyesha wakati wa kuifunga nati. Saa hiyo hufanya kazi kwa thredi za inchi tu. Ukikata thredi ya milimita kwa skrubu ya inchi, nati ikishafungwa haifunguliwi mpaka kazi imalizike. Mwisho wa kila mkato simamisha mashine, toa kisu nje, urudishe mota kinyume hadi mwanzo, uongeze kina kidogo, uendelee. Chaki ya ML7 imefungwa kwenye spindeli kwa thredi, kwa hiyo unaporudi kinyume anza kwa mwendo wa chini kabisa, isije ikafunguka na kuanguka.

Mimi hupenda njia nyingine, ya kizamani. Tengeneza mkono wa kuzungushia, unaoingia ndani ya tundu la spindeli kwa nyuma na kutanuka kwa bolti, halafu uchomoe waya wa umeme na kukata thredi yote kwa mkono. Bolti ya milimita 30 inachukua dakika chache tu, unahisi kisu kinavyokata, na unasimama hasa pale unapotaka. Kina chote cha M10 ni kama milimita 0.92 kwa upande mmoja. Zile sehemu kumi za mia za mwisho zikate nyembamba, huku ukijaribu nati mara kwa mara.

*Habari za kazi, Fundi. Nina shafti ya milimita 20 ya mashine ya kukoboa, inahitaji njia ya kii, yaani mfereji wa kile kipande cha chuma kinachofunga puli au gia kwenye shafti. Sina mashine ya milingi, ile inayochonga chuma kwa kisu kinachozunguka, ila nina keekee ya mezani na lethi ndogo. Jirani ananishauri nifunge kisu cha milingi kwenye keekee. — Msomaji, Mwanza*

Jirani anakutakia mema, lakini usimsikilize. Kichwa cha keekee hukaa kwenye koni bila bolti ya kukivuta kwa juu. Kinashikilia vizuri mradi nguvu inasukuma kwenda chini, lakini kisu cha milingi kinasukumwa kwa ubavu, koni inalegea, na kichwa kizima kinadondoka kikiwa bado kinazunguka.

Lethi yako ndiyo itakayokutoa. Nunua au utengeneze meza ya wima inayofungwa mahali pa kisu, ushike shafti humo, na kisu cha milingi kikae kwenye chaki au, bora zaidi, kwenye koleti, kishikio kinachobana kisu kuzunguka pande zote. Kwa shafti ya milimita 20 kii ya kawaida ni ya milimita 6 kwa 6, na kina chake ndani ya shafti ni milimita 3.5. Kwa kisu cha milimita 6 ile hesabu ya 8,000 inakupa mizunguko 1,300 na kitu. Kata kwa tabaka za nusu milimita. Katika mashine yoyote yenye mchezo, yaani ulegevu, kwenye skrubu zake, na yako lazima inao, unapokata ubavu usukume kazi dhidi ya mzunguko wa meno. Ukiisukuma kufuata mzunguko, meno yataivuta meza kwa ghafla kadiri ya mchezo uliopo, na utabaki na nusu ya kisu.

*Mke wangu ananitaka nivae glovu ninapokereza kwa sababu vidole vyangu vimejaa makovu ya nyuzi za chuma. Naona ana haki. Wewe unasemaje? — Msomaji, Maskati*

Ana haki kuhusu makovu, ila dawa si glovu. Glovu ikinaswa na chuma kinachozunguka, mkono wote unafuata, na mota haijui kuna mtu. Kwa sababu hiyohiyo kanzu, mikono mirefu ya shati, pete na kitambaa cha msasa kilichozungushwa kidoleni havina nafasi mbele ya lethi. Zile nyuzi ziondoe kwa ndoano ya waya mgumu yenye mpini, mashine ikiwa imesimama, na miwani ya kinga usiivue. Glovu uvae wakati wa kuzizoa sakafuni. Na ukipata nafasi wiki hii, funga springi ndogo kwenye ufunguo wa chaki, ili ujisukume wenyewe nje mara tu unapouachia.